Kupunguza vitu vya nyumba kabla ya kuhama: maswali ninayoulizwa na wanaotoka Dar kwenda Dodoma

Tulihama Tabata mwaka 2019, ofisi ya mume wangu ilipohamia Dodoma. Nyumba tuliyoiacha ilikuwa na vyumba vinne, stoo na banda la uani. Tuliyoipata Nkuhungu ilikuwa na vyumba viwili na sebule ambayo sofa letu la pembe lisingeenea hata kwa kulazimisha. Tangu hapo, kila ndugu au rafiki anayepata barua ya uhamisho hunipigia simu, na maswali ni yaleyale. Nimeyaandika kama ninavyoulizwa. Hata kama wewe ni mstaafu unayerudi kijijini, au mjane unayetoka nyumba kubwa kwenda kuishi na mwanao, mengi hapa yatakufaa.

Sijabeba hata kiti kimoja. Mbona nimechoka hivi?

Kwa sababu tangu asubuhi umekuwa ukiamua. Fungua droo moja tu ya jikoni. Kuna vijiko saba vya seti tofauti, funguo mbili zisizojulikana ni za mlango gani, risiti ya friji, betri, picha ya paspoti ya mtoto alipokuwa darasa la kwanza, mfuniko wa chupa ya chai iliyokwisha kuvunjika. Kila kimoja kinakutaka ukate shauri: kiende, kibaki, kitolewe, kitupwe? Ukifika chini ya droo umeshaamua mara thelathini, na kabati la vyombo hujaligusa.

Halafu kuna hili. Mwaka 1967 madaktari wawili wa akili wa Marekani, Thomas Holmes na Richard Rahe, walichapisha orodha ya matukio 43 ya maisha, kila moja na alama zake kulingana na kiasi linavyomlazimu mtu kujipanga upya. Kufiwa na mume au mke kuna alama 100. Kustaafu kuna 45. Kuhama makazi kuna 20 tu. Nilipoziona hizo 20 niliudhika, nikaona hawa hawajawahi kuhama. Lakini alama zao hujumlishwa, na hapo ndipo nilipojiona. Hali ya maisha kubadilika, 25. Saa na mazingira ya kazi kubadilika, 20. Watoto kubadilisha shule, 20. Mambo ya kanisani kubadilika, 19. Kujumuika na watu kubadilika, 18. Weka na zile 20 za kuhama, unapata 122. Sisemi kuhama ni kuzito kuliko msiba, hapana. Nasema kuhama hakuji peke yake, na mwili wako unahesabu vyote hata kama mdomo wako unasema "nafungasha tu vyombo."

Kwa hiyo uchovu huo si uvivu wala udhaifu. Punguza idadi ya maamuzi ya siku. Mimi nilikuja kujiwekea saa mbili, kuanzia saa moja hadi saa tatu asubuhi, watoto wakishakwenda shule. Baada ya hapo sigusi kitu cha kuamua. Nafua, napika, naenda sokoni.

Nianze lini, na nianzie wapi?

Miezi miwili kabla, ukijaliwa kuwa nayo. Anzia stoo na uani: ndoo zilizopasuka, mabaki ya vigae, pasi mbovu, magodoro ya zamani. Vitu visivyo na mtu ndani yake. Mkono unazoea kuachia kabla haujafika kwenye vigumu.

Usianzie kwenye picha. Tafadhali. Nilimwona shemeji yangu akikaa chini na albamu saa mbili asubuhi, na saa nane mchana alikuwa bado amekaa palepale, amelia, hajala.

Vitu vya marehemu mama bado viko kwangu. Nifanyeje?

Hili ndilo swali linalonigusa kuliko yote, maana ndilo lililonikwamisha mwenyewe.

Sanduku la mama lilikaa chini ya kitanda changu miaka sita. La mbao, na ukilifungua ilikuwa inatoka harufu ya udi na naftalini kwa pamoja. Kila nilipopanga kulipunguza niligeuza nikaenda kufanya kingine. Wiki tatu kabla ya safari nikawaita dada zangu wawili na shangazi. Tukatandika mkeka sebuleni, tukafungua. Zilikuwa doti tisa za kanga, na vipande vitano visivyo na wenzake. Shangazi akawa anachukua kila doti, anasoma jina lake kwa sauti, kisha anasema mama aliivaa wapi: hii ya harusi ya fulani, hii alinunua siku aliyopokea pesa za upatu. Tulicheka sana siku ile. Sikuwa nimetegemea kicheko.

Vile vipande vitano vya peke yake ndivyo vilivyotusimamisha. Kimoja nilikijua. Mwenzake ndiye aliyemfunika mwanangu wa kwanza siku tuliyotoka hospitali, akachakaa kwa kufuliwa mpaka akawa tambara. Nilitaka kuchukua sanduku zima. Shangazi akaniambia, "Mwanangu, chukua hicho. Hizo nyingine mama yako angekuwa hai angekuwa ameshazigawa." Na kweli, mama alikuwa mtu wa kutoa. Doti ya kwanza tukampa jirani aliyemuuguza, kabla hata hatujagawana sisi. Zilizobaki zikaenda kwa dada zangu, kwa shangazi na kwa wajukuu wa kike. Sanduku lenyewe lipo kwa dada mkubwa Mbagala.

Nilichojifunza siku ile ndicho ninachomwambia kila anayeniuliza: usikae peke yako na vitu vya marehemu. Waite wanaomkumbuka. Hadithi ikishasemwa mbele ya watu, kitu kinakuwa chepesi kukiachia, maana kumbukumbu imepata pa kukaa pengine. Chagua kimoja au viwili ambavyo mkono wako unavifuata wenyewe, si vyenye thamani kuliko vingine.

Kuna jambo la kuangalia kabla ya hayo yote. Kama mirathi haijagawanywa, kitu hicho ni cha warithi wote, hata kama kimekaa kwako miaka kumi. Cherehani, redio, kitanda cha mninga. Piga simu kwanza. Ugomvi wa kitanda kilichouzwa bila kuulizana unaweza kudumu kuliko kitanda.

Nauza vitu, lakini bei wanazonitajia zinanitia hasira.

Hasira hiyo ina maelezo yake. Mwaka 1990 Daniel Kahneman, Jack Knetsch na Richard Thaler walitoa matokeo ya jaribio walilofanya na wanafunzi. Nusu walipewa vikombe, nusu hawakupewa. Waliopewa wakaulizwa wangeuza kwa kiasi gani, wasiopewa wangenunua kwa kiasi gani. Bei ya wauzaji ilikuwa kama maradufu ya ile ya wanunuzi, kwa kikombe ambacho mtu amekishika dakika chache tu. Sasa wewe una meza uliyoilipia kidogo kidogo kwa mwaka mzima, na watoto wako wamejifunzia kuandika juu yake. Mnunuzi haoni hayo. Anaona meza yenye mikwaruzo. Hakukudharau.

Nilipoelewa hivyo, niliacha kuwa mimi ndiye ninayepatana bei. Nilimpa wifi yangu kazi hiyo. Nilimwambia kiwango cha chini cha kila kitu, nikaingia chumbani. Vikauzwa.

Mengine kwa ufupi. Usiwatajie wanunuzi tarehe ya kuondoka, maana wakijua gari linakuja Jumamosi, watarudi Ijumaa jioni na nusu ya bei. Anza na majirani na makundi ya WhatsApp ya kanisani, msikitini au kazini, ndipo uwaite wanunuzi wa vitu vilivyotumika. Na muulize mwenye gari bei kabla hujaanza kung'ang'ania kabati: sisi tulipopunguza vya kutosha tuliachana na Fuso tukachukua Canter, na tofauti hiyo ya nauli ilikuwa kubwa kuliko fedha yote tuliyoipata kwa kuuza viti. Usipange matumizi kwa fedha za uhamisho ambazo hazijaingia. Wiki ya mwisho usinunue umeme mwingi wa LUKU, kwa kuwa uniti zinabaki kwenye mita ya nyumba.

Na friji na jiko viwe vya mwisho. Mimi nilipata mnunuzi mwenye pesa mkononi wiki tatu kabla, nikaona bahati, nikauza vyote viwili siku moja. Wiki tatu za kununua chakula kwa mama lishe asubuhi, mchana na jioni, watoto wakilalamika, maji ya baridi hakuna, na joto la Dar la Februari. Fedha ya friji ikaisha kabla hatujafika Chalinze. Kama mnunuzi anakitaka kweli, atoe malipo ya awali, wewe upokee na umwandikie, kisha aje kukichukua siku ya gari.





Ndugu wameanza kugombea vitu kabla hata sijaamua.

Habari ya kuhama husafiri haraka. Siku mbili baada ya barua ya mume wangu, watu watatu walishakuja "kusalimia" huku macho yao yako kwenye kabati la vyombo. Sikuwalaumu. Maisha ni magumu, na kitu cha ndugu anayehama ni kama embe lililoiva juu ya njia.

Shika daftari. Andika kila kitu kikubwa na jina la atakayekipata, ninyi wawili tu, mume na mke, mlango umefungwa. Mtu akiomba, jibu ni moja: "Tumeshaandika, nitaangalia kwenye daftari." Jibu hilo linakuondolea mzigo wa kusema hapana uso kwa uso, na ni la kweli. Toeni vitu siku za mwisho na kila mtu kwa wakati wake, si wote pamoja uani, wakatazamana. Anayelea yatima, au aliyeunguliwa na nyumba, au anayeanza maisha, mtangulizeni.

Masufuria makubwa ya shughuli nayataja peke yake. Kama ni wewe uliyekuwa unaazimwa mtaa mzima kwa misiba na harusi, usiyauze. Yakabidhi kwa kikundi cha kina mama au kwa jirani anayeaminika. Yale yalishaacha kuwa yako siku nyingi.

Mama mkwe anaishi nasi na hataki kitu chake chochote kiguswe.

Usimguse. Mzee aliyekwisha kuhama mara moja kutoka kijijini kuja kwa wanawe ameshapunguza kuliko sisi wote. Chumba chake kipimwe kwanza kwenye nyumba mpya, kitanda chake kiingie, kiti chake kiingie, jamvi lake la swala au Biblia yake viwe mahali anapovifikia. Sisi wenye miaka arobaini ndio tupunguze. Na aambiwe mapema, na mwanawe mwenyewe, si na mkwe na wala si na dada wa kazi. Mama mkwe wangu alinyamaza siku nne nzima kwa sababu alisikia habari ya Dodoma kutoka kwa mtoto wa jirani. Ilibidi mume wangu aende kupiga magoti.

Mume wangu hataki kuachia chochote. Kila siku tunagombana.

Mpe mpaka wake, na wewe ujiwekee wako. Sisi tulipeana katoni mbili kila mmoja, ndani yake mtu anaweka anachotaka bila kuulizwa. Zake zilijaa magazeti ya zamani na redio isiyosema. Hazikunihusu. Na msijadiliane vitu usiku mkiwa mmechoka.

Watoto je?

Watoto hawana barua ya uhamisho. Wao wanaona tu vitu vinatoka mlangoni. Mdogo wetu wa miaka sita aliuliza, siku sofa lilipobebwa, kama na yeye atauzwa. Aliuliza taratibu tu, akiwa ameshika mlango.

Tangu siku ile tukabadilisha utaratibu. Kila mtoto alipewa begi lake moja, na tukaahidi hatutalikagua. Lazima uitunze ahadi hiyo. La mdogo lilikuwa zito ajabu, na tulipofika tukagundua kulikuwa na jiwe la uani kwetu Tabata, lile alilokuwa anakalia akichezea maji. Bado lipo mlangoni kwetu. Wakubwa wapewe nafasi ya kuaga marafiki kwa mpango, hata iwe soda na biskuti tu jioni moja. Ikiwezekana hama wakati wa likizo ya Juni au ya Desemba, mtoto asiingie darasani katikati ya mtaala akiwa bado hajajua choo kiko wapi. Sisi tulihama mwanzoni mwa Machi, na mkubwa wetu alitaabika.

Vitu gani nisiviache Dar?

Dodoma iko juu, kama mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai baridi ni ya kweli. Blanketi ulizozifanya za wageni Dar zitakuwa zenu. Mvua ni msimu mmoja, kati ya Desemba na Aprili, na miezi mingine ni ukavu na vumbi. Mapipa na ndoo kubwa zenye mifuniko zichukue zote, maana mgao wa maji utakutana nao. Mapazia mazito yatakusaidia na vumbi. Makabati ya mbao zilizobanwa yaliyokwisha kuvimba kwa unyevu wa Dar yaache, hayavumilii kufunguliwa na kufungwa tena. Feni moja inatosha.

Silali. Nitajuaje kwamba imezidi?

Siku kadhaa za usingizi wa mang'amung'amu ni kawaida. Mwili ukiwa na wasiwasi unamwaga adrenalini na kotisoli, homoni za kukuweka macho, moyo unakwenda mbio, na ukilala unahesabu katoni. Toa katoni zote chumba cha kulala, hata kama sebule itajaa. Acha kahawa na chai nzito kuanzia alasiri. Weka daftari kando ya kitanda, kila kinachokujia usiku kiandike ukiachie hapo. Tembea kidogo jioni. Sala na dua zina nafasi yake kubwa, na mimi zilinishika mkono.

Lakini ikipita wiki mbili hulali, huli, hakuna kinachokufurahisha, unalia bila kujua sababu, au umeanza kuona afadhali usingekuwepo, hiyo si habari ya kuhama tena. Nenda hospitali, uwaambie hivyohivyo. Na kama una fikra za kujidhuru, nenda leo, na usibaki peke yako.

Najua wengi mnaogopa neno Mirembe. Hospitali hiyo iko Dodoma, na watu wamelifanya jina lake kuwa tusi. Ni hospitali, ina madaktari na wauguzi waliosomea kutibu maradhi ya akili, na watu wanatibiwa wakarudi makazini. Rafiki yangu mmoja alikwenda akiwa hajalala mwezi mzima. Sasa analala.

Siku ya gari nifanye nini ili nisichanganyikiwe?

Begi moja lisipande kwenye gari la mizigo kwa namna yoyote: vyeti vya kuzaliwa, vitambulisho, vyeti vya shule, kadi za kliniki na za bima, dawa, chaja. Begi la pili: sufuria, vikombe, chai, sukari, sabuni, shuka na kanga mbili, vya usiku wa kwanza. Simamia upakiaji mwenyewe au weka mtu. Sisi tulimwachia mwenye gari, naye akaweka katoni ya sahani chini ya cherehani. Tulikula kwenye mifuniko ya masufuria siku mbili.

Nyumba ikishakuwa tupu, piteni kila chumba pamoja na watoto. Fagieni. Fungeni mlango taratibu.

Nimefika, vitu vimeenea, kila kitu kiko sawa. Mbona nalia?

Wakati wa kufungasha hukuwa na nafasi ya kulia. Sasa umeipata. Mimi nililia wiki ya pili, nikitafuta kichujio cha chai nilichokuwa nimempa mtu.

Jitambulishe kwa balozi wa nyumba kumi na kwa majirani wiki hiyohiyo ya kwanza, kabla hujapanga kabati. Tafuta jumuiya, kwaya, kikoba, chochote ulichokuwa nacho Dar. Na usijikatie Dar moja kwa moja. Tulipohama sisi, kwenda kusalimia kulikuwa ni siku nzima ndani ya basi. Tangu Julai 2024 treni ya SGR inafika Dodoma, na safari ni chini ya saa nne. Panga tarehe ya kurudi kuwatembelea kabla hujaondoka, iandike ukutani. Wanaofanya hivyo naona wanatulia mapema.

Kuna kitu ulichoacha ambacho unakijutia?

Kinu. Kilikuwa cha mti mgumu, kizito, nikaona kitakula nafasi ya magodoro. Nilimpa jirani yangu wa Tabata. Nimenunua kingine hapa sokoni, ni kizuri, lakini mchi wake mfupi na mgongo unaniuma. Nikienda Dar nalala kwa yule jirani usiku mmoja, na asubuhi ananiachia mimi nitwange.